Mazoezi ya kine kisha kuvunjika: nusu ya matunzo yenye wengi wanaacha njiani

Munganga anatoa platre, anaangalia picha, anasema kama mufupa umeshikamana. Familia inashukuru, inalipa, inarudi nyumbani. Kisha majuma mawili mugonjwa angali anavuta muguu. Goti halikunjiki, hawezi kuchuchumaa kwenye choo, na kazi yake inaendelea kumungoja. Majirani wanaanza kusema kama munganga aliharibu. Mara nyingi munganga hakuharibu kitu. Matunzo yalikuwa yangali katikati.

Katika majimbo yetu ya mashariki, kuvunjika ni jambo la kila siku: ajali ya pikipiki, chukudu yenye inaponyoka kwenye muteremuko, mama mwenye anateleza na bidoni ya maji, na pia risasi na mabomu. Kwa familia nyingi, muguu wa baba ao mukono wa mama ndio mushahara wa nyumba. Makala hii inaeleza mazoezi ya kine ni nini, yanafanya kazi ginsi gani, na ni nini mutu anaweza kufanya nyumbani bila kujiumiza. Haichukui nafasi ya munganga wala ya kine. Inasaidia tu kuwaelewa na kuwauliza maulizo ya muzuri.

Mazoezi haya ni nini?

Kine ni mutu wa afya mwenye alisoma ginsi mwili unatembea na ginsi ya kuurudishia nguvu. Watu wengi wanafikiri kazi yake ni kukanda. Ni kweli, kukanda kunaweza kupunguza uvimbe ao kulegeza musuli wenye umekaza. Lakini hakuna mutu anaweza kukandwa mupaka apate nguvu. Nguvu inarudi wakati mugonjwa mwenyewe anatumikisha musuli wake.

Mazoezi yako ya namna ine. Kuko ya kukunja na kunyoosha, kusudi kiungo kisigande. Kuko ya nguvu, kusudi musuli ulioisha ujazwe tena. Kuko ya usawa, kusudi mutu asimame bila kuanguka. Na kuko ya maisha yenyewe: kuinuka kwenye kiti, kupanda ngazi, kuchuchumaa, kubeba. Mugonjwa mwenye anafanya namna moja tu, kwa mufano kutembea tu ndani ya parsele, atapona nusu.

Jambo la kuweka kichwani ni hili: zoezi liko sawa na dawa, liko na kipimo. Zoezi gani, mara ngapi, kwa uzito gani, kwa muda gani. Kipimo kidogo hakisaidii. Kipimo kikubwa kinaumiza.

Mawazo hayo si ya jana. Mwaka wa 1813, Pehr Henrik Ling alifungua kule Stockholm, inchi ya Uswedi, chuo cha kufundisha mazoezi ya mwili, na ndani yake kulikuwa na mazoezi ya kutunza wagonjwa. Mwaka wa 1945, munganga wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika ginsi askari wenye waliumia walirudisha nguvu kwa kuinua uzito wenye unaongezwa kidogo kidogo. Mbele yake, wengi walikuwa wanawapa wagonjwa mazoezi mepesi ya kurudilia mara nyingi sana, na misuli ilikuwa inachelewa. Mupaka leo kine wanatumia wazo hilo: uzito unaanza chini, lakini haubaki chini.

Mwili unapoteza nini wakati umelala?

Musuli wenye hautumikishwi unapunguka haraka. Ndani ya majuma mawili ya kwanza tayari unaweza kuona paja la upande wa ugonjwa limekuwa dogo kuliko lingine. Pima na kamba ya fundi wa nguo, vidole kumi juu ya goti, utaona. Kurudisha ile nyama kunachukua muda murefu kuliko kuipoteza.

Kiungo nacho kinaganda. Ngozi ya ndani yenye inafunika kiungo inakauka na kufupika, sawa ngozi ya ngoma yenye imeanikwa. Mufupa wenyewe unapoteza ugumu juu haubebi tena uzito. Na kichwa kinasahau: mutu anaogopa kukanyaga hata wakati muguu unaweza kumubeba.

Ndio sababu vipimo vya goti viko muhimu sana kwetu. Kutembea kwenye njia sawa, goti linaomba kukunjika kama digri 60 ao 70. Kukaa na kuinuka kwenye kiti kunaomba 90 na zaidi kidogo. Lakini choo cha shimo, kufua chini, kupalilia shamba, kupiga magoti ao kuchuchumaa mbele ya mbabula kunaomba zaidi ya 120. Mutu wa Ulaya mwenye goti lake limesimamia kwa 95 anaweza kuishi vizuri na kiti na choo cha kukaa. Mama wa Walungu ao wa Rutshuru hawezi. Mwambie kine wazi maisha yako yanaomba nini, kusudi asisimamishe matunzo mbele ya wakati.

Wakati platre ao vyuma vingali

Kosa kubwa ni kungoja. Mazoezi yanaanza wakati platre ingali, kwenye viungo vyenye haviko ndani yake, na hata ndani yake.

Kama ni mukono, tembeza vidole vyote: funga ngumi, fungua, mara 10, kila saa yenye uko macho. Inua bega mupaka juu ya kichwa mara kazaa kwa siku. Watu wengi wenye walivunjika karibu na kiganja wanatoka na mukono umepona na bega limeganda, juu walibeba mukono ndani ya kitambaa shingoni majuma sita bila kuushusha.

Kama ni muguu, tembeza vidole vya muguu. Kisha bana musuli wa paja bila kusogeza kitu: fanya kama unataka kusukuma goti chini kwenye kitanda, hesabu mupaka tano, acha. Mara 10, mara tatu ao ine kwa siku. Munganga akikubali, inua muguu wote ukiwa umenyooka.

Wenye wanatiwa vyuma vya inje, vile vyenye vinaonekana juu ya ngozi, wako na hatari ingine: kifundo cha muguu kinaanguka chini na kinaganda vile. Kisha miezi mutu anakanyaga na vidole tu. Chukua kipande cha kikwembe, pitisha chini ya nyayo, shika ncha mbili na mikono, vuta muguu kuelekea kwako polepole, hesabu mupaka 30, legeza. Mara tatu, asubuhi, mchana na mangaribi. Kama munganga alisema kifundo kisiguswe, mufuate yeye.

Na chakula kiko ndani ya matunzo. Musuli na mufupa vinajengwa na chakula chenye kujenga mwili: maharagi, sambaza, ndagala, mayai, karanga, soya. Fufu peke yake inashibisha lakini haijengi. Mwenye kuvuta tumbaku ajue kama moshi unachelewesha mufupa kushikamana.

Kisha platre kutoka: mazoezi ya muguu

Mbele ya yote, ulizo moja kwa munganga: “Niko na ruhusa ya kukanyaga, na kwa uzito gani?” Kuko jibu tatu: hapana, kidogo, ao yote. Kwa mutu mukubwa, mukono mara nyingi unaomba majuma 6 mupaka 8 kusudi mufupa ushikamane. Mufupa wa chini ya goti unaomba kama miezi 3 ao 4, na mara ingine zaidi. Mutoto anapona mbio. Kama walikuambia kidogo, kwa mufano kilo 20, tumia mizani: weka muguu mugonjwa juu yake, kanyaga mupaka usome 20, mwili ujifunze uzito huo unasikika namna gani.

Haya ndiyo mazoezi yenye kine wengi wanaanzia, na yenye mutu anaweza kufanya nyumbani juu ya mukeka wakati ruhusa iko.

1. Kukunja goti ukilala. Lala chali, weka kitambaa cha kuteleza ao saki ya plastiki chini ya kisigino. Vuta kisigino kuelekea matako mupaka usikie goti linakaza, hesabu tano, rudisha. Mara 10 mupaka 15.

2. Kunyoosha goti. Weka kisigino juu ya kitambaa chenye kimekunjwa, goti libaki hewani. Bana paja, sukuma goti chini. Usiweke muto chini ya goti na kulala hivyo, hata kama inafurahisha. Goti litasimama limekunjika kidogo na mutu atachechemea maisha yote.

3. Kuinua muguu ukiwa umenyooka. Lala chali, kunja muguu muzima, inua muguu mugonjwa karibu na urefu wa goti lingine, hesabu tano, shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudilia mupaka mara tatu. Kama 10 imekuwa nyepesi, ni wakati wa uzito. Chupa ya plastiki ya nusu litre yenye maji inafanya nusu kilo. Mbili ndani ya soksi ao ndani ya kikwembe, moja kila upande wa kifundo, zinafanya kilo moja. Mufupa wa chini ukiwa ungali mubichi, ulize munganga mbele ya kufunga uzito kwenye kifundo.

4. Kuinuka kwenye kiti. Tumia kiti chenye hakitikisike, chenye mugongo wake umegusa ukuta. Inuka bila kutumia mikono, kaa polepole. Kama hauwezi, anza na kiti kirefu ao weka muto juu yake. Zoezi hili moja liko na faida kubwa juu linajenga paja, matako na usawa pamoja. Linaanza kisha ruhusa ya kukanyaga.

5. Kuinuka kwa vidole vya muguu. Shika meza, inua visigino viwili, shusha polepole. Baadaye fanya na muguu mugonjwa peke yake.

6. Kusimama na muguu mumoja. Karibu na ukuta, sekunde 10, kisha 20, kisha 30. Kwenye mabamba ya volkano ya Goma ao kwenye njia za mulima za Bukavu, mutu mwenye hana usawa ataanguka tena.

Mupira wa ndani wa kinga, ule wenye umetoboka na hautumike tena, unakatwa kamba ndefu na unakuwa chombo kizuri cha kuvuta. Hakuna lazima ya kununua kitu.

Usiongeze vitu viwili siku moja. Kama umeongeza uzito, acha hesabu vile ilikuwa. Kama umeongeza hesabu, acha uzito. Hivyo, kama muguu unauma, utajua ni nini kimeuumiza.

Maumivu: ni yapi ya kukubali?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea pande mbili. Wengine wanaacha siku ya kwanza kwa sababu inauma. Wengine wanaambiwa “kaza, bila kulia hakuna kupona”, na wanaumia zaidi.

Jipimie maumivu toka 0 mupaka 10. Mupaka 3, endelea. Kwenye 4 ao 5, punguza kidogo na uangalie. Juu ya 5, simamisha zoezi hilo. Kipimo cha pili kiko muhimu zaidi: kesho yake asubuhi. Kama maumivu na uvimbe vimerudi chini kama vile vilikuwa mbele ya zoezi, kipimo kilikuwa cha muzuri. Kama goti limeamka limevimba kuliko jana, ulipitisha. Pumzika siku moja, rudi kwa nusu.

Musuli wenye unachoka na kutetemeka si ubaya. Maumivu ya kukata ndani ya mufupa, pale penye palivunjika, si ya kuvumilia. Rudi kwa munganga.

Kine naye anapima nguvu ya musuli kwa alama, toka 0 mupaka 5. Zero ni musuli wenye haushituke kabisa. Tatu ni musuli wenye unaweza kuinua muguu ao mukono bila kushindwa na uzito wake wenyewe. Tano ni nguvu yote. Ulize alama yako kila mara. Kutoka 2 kwenda 3 kunaweza kuonekana kidogo kwa macho, lakini ni hapo ndipo muguu unainuka kwenye kitanda peke yake.

Kiwiko: musikande kwa nguvu

Kiungo kimoja kinaomba onyo lake. Mutoto anaanguka kwenye muembe ao kwenye avoka, kiwiko kinavunjika ao kinatoka fasi yake. Kisha platre, mukono haunyooki. Familia inaita mwenye kukanda, anachoma majani, anavuta kwa nguvu, mutoto analia. Mara nyingi mukono unazidi kuganda. Sababu ni hii: kiwiko kikivutwa kwa nguvu, damu inavuja ndani ya musuli, na mahali pale mufupa unaweza kuota ndani ya nyama. Ukisha kuota, kiwiko kinafungwa kama mulango.

Kiwiko kinatunzwa na mutoto mwenyewe, bila mutu kumuvuta. Mumupe kazi ya kufanya na mukono ule: kuchota maji na kikombe, kuchora kwenye ukuta, kutupa mupira mwepesi, kujipiga rangi za kucheza kwenye bega. Kwa watoto wengi kiwiko kinafunguka polepole ndani ya miezi.

Ao pia kuko hatari ya kufunga mukono ao muguu wenye umevunjika na vijiti na kamba kali sana. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, ao maumivu yakizidi bila kutulia, damu haipiti. Fungueni mara moja na mukimbie hospitali. Saa chache zinaweza kuamua kama mukono utabaki ao utakatwa. Ni vilevile na platre yenye inabana.

Magongo kwenye mulima

Magongo, wengi wanaita bekiye, yanaumiza kama hayakupimwa. Yale ya kwapa yanapaswa kuacha fasi ya vidole viwili ao vitatu chini ya kwapa. Uzito unakuwa kwenye mikono. Mwenye anajitundika kwenye kwapa anabana mishipa, na mukono unaweza kulegea.

Kwenye ngazi na kwenye mulima, kumbuka: muguu muzima unapanda kwanza, muguu mugonjwa unashuka kwanza. Magongo yanakwenda pamoja na muguu mugonjwa. Angalia mipira ya chini kila juma. Ikiisha, fundi wa viatu anaweza kukata ingine ndani ya pine ya zamani. Siku ya mvua, bakia nyumbani kama inawezekana.

Wenye walikatwa muguu ao mukono

Kwao mazoezi yanaanza siku chache kisha operasio, mbele hata kidonda kukauka vizuri. Kipande chenye kilibaki kinapenda kukunjika, na kikiganda hivyo, muguu wa bandia hautaweza kuvaliwa. Kwa hiyo hakuna muto chini ya kipande, wala kukaa siku nzima kwenye kiti na kipande kikining’inia. Lala kwa tumbo dakika 20 ao 30, mara mbili ao tatu kwa siku. Inua kipande kuelekea nyuma. Jenga na mikono pia, juu ndiyo itakubeba kwenye magongo.

Bande inafungwa kwa kuvukana, kwa nguvu zaidi kwenye ncha na polepole ikienda juu, kusudi kipande kichukue umbo la kuingia ndani ya muguu wa bandia. Kine anafundisha familia, kisha familia inaendelea.

Wengi wanasikia maumivu kwenye vidole vyenye havipo tena. Si wazimu wala si uchawi. Ubongo ungali na picha ya muguu. Kine wengine wanatumia kioo: mutu anaweka kioo katikati, anatembeza muguu muzima, ubongo unaona miguu miwili, na kwa watu fulani maumivu yanapunguka.

Kiharusi, ile inaitwa paralizi

Mazoezi si ya mifupa tu. Mutu mwenye tansio anaweza kuamka upande mumoja umekufa, mudomo umepinda, maneno hayaeleweki. Hapo ni hospitali mbio, si kungoja kesho. Kisha hatari kupita, mazoezi ndiyo yanafundisha ubongo kutumia njia ingine, na ubongo unajifunza kwa kurudilia: mara nyingi, kila siku, kwa kazi ya kweli kama kushika kikombe, kufungua mulango, kuinuka.

Familia ikumbuke mambo mawili. Kwanza, musivute mugonjwa kwa mukono wenye umelegea wakati wa kumuinua. Bega litatoka fasi yake na litauma miezi. Mumushike kwenye kiuno na mugongo. Pili, mwenye hawezi kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, muchana na usiku, na ngozi iangaliwe kwenye matako, visigino na kiuno. Alama nyekundu yenye haipotei ni mwanzo wa kidonda.

Maendeleo makubwa yanakuja mara nyingi katika miezi ya kwanza, lakini hayasimame pale. Musimufanyie kila kitu kwa huruma. Akiweza kubeba kijiko mwenyewe, hata akimwaga, muache abebe.

Alama za kusimamisha mazoezi na kwenda hospitali

- Nyama ya nyuma ya muguu inavimba upande mumoja, iko moto na inauma. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mushipa.
- Kifua kinauma ghafula, ao pumzi inakosekana. Hiyo ni dharura.
- Homa, usaha, ao harufu mubaya kwenye kidonda ao kwenye vyuma.
- Mufupa unatikisika pale palivunjika, ao muguu unapinda.
- Ganzi ao udhaifu mupya wenye haukuwepo.

Kurudia kazi

Swali la wote ni: lini nitarudia kazi? Usihesabu siku, hesabu uwezo. Motari anahitaji muguu wa kuume kwa frein ya nyuma na muguu wa kushoto kwa kubadilisha vitesi, na vyote viwili kwa kusimamisha pikipiki na abiria juu yake. Kama hawezi kusimama sekunde 30 na muguu mugonjwa ao kukanyaga kwa haraka bila maumivu, barabara itamuua yeye ao mwingine.

Mama mwenye anabeba muzigo na kamba kwenye paji la uso aanze na robo ya muzigo wake wa zamani, kwenye njia fupi. Juma lenye kufuata, kama kesho yake hakuna uvimbe, aende kwenye nusu. Mulimaji aanze saa moja kwa siku. Pesa inasukuma watu kurudia mbio, na hakuna mutu anaweza kumulaumu mwenye watoto hawakula. Lakini kuvunjika mara ya pili mahali pale kunachukua miezi ingine, na operasio ingine. Familia yenye inagawa kazi za mugonjwa kwa majuma machache inalinda mushahara wake wa mwaka mzima.

Fasi ya kupata musaada

Hospitali kubwa za rufaa mara nyingi ziko na kine. Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinajulikana kwa kupokea watu wenye ulemavu na kutengeneza viungo vya bandia. Goma, Shirika la Umoja linafanya kazi hiyo, na hospitali ya CBCA Ndosho imepokea wajeruhiwa wa vita kwa musaada wa Komite ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu (CICR), yenye imesaidia pia vituo vya viungo vya bandia. Mwenye alijeruhiwa na silaha aulize mapema, siku yenye angali kitandani, kama kuko mupango wa kumusaidia.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kama watu karibu miliari 2,4 ulimwenguni wako na ugonjwa ao jeraha lenye matunzo ya namna hii yanaweza kusaidia, na kama katika inchi fulani zenye mapato kidogo, zaidi ya nusu ya wenye wanayahitaji hawayapati. Kwetu, umbali, barabara na usalama vinazidisha shida. Mwenye anakaa mbali na hawezi kwenda kila juma aombe wazi kine amupangie: safari moja kwa mwezi, na mazoezi ya mwezi mzima ya kufanya nyumbani.

Siku ya kwanza kwa kine, leta picha zote za mufupa, karatasi ya operasio, dawa zenye unakunywa, kaptula ya kuvaa, na mutu mumoja wa nyumbani mwenye atajifunza pamoja nawe. Leta na kaye ndogo. Andika zoezi, hesabu, siku, na alama ya maumivu. Mara ingine ukirudi, kine atasoma kaye hiyo mbele ya kugusa muguu, na atajua hapo hapo kama ni kuongeza, kupunguza, ao kubadilisha.